Pistoni za Sekenke

Tulimwacha Mughwai amepiga magoti chini ya kibanda cha gereji kule Utemini, mjini, mkono kauingiza ndani ya injini mpaka kwenye kiwiko, anapapasa. Kama hukusoma wiki iliyopita si neno, nitakusimulia kwa kifupi. Kwa kifupi, maana mwenyewe bado nina hasira na mambo haya na sipendi kuyarudia.

Mughwai ni dereva wa lori la kijiji cha Juhudi, upande wa Ikungi. Ulikuwa mwaka ule wa watu kuhamishiwa vijijini. Watu walishushwa Juhudi na ngozi zao za kulalia na kuku wao, wakaambiwa hapa sasa ndiyo kwenu. Ardhi ilikuwepo, maji hayakuwepo. Maji yalikuwa mbali, na kilichoyaleta ni Bedford kuukuu waliloachiwa na mapadri, mapipa nyuma, Mughwai mbele.

Lori hilo likafa. Lilifia njia ya Manyoni, likatoa moshi mpaka wachunga mbuzi wakadhani pori linaungua. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Antipasi, akaanza kuuliza mbele za watu kama lori lile limekufa au limeuawa. Neno hujuma lilitamkwa kirahisi siku zile, na aliyebandikwa neno hilo alichukuliwa, asijulikane atarudi lini.

Basi ndivyo mambo yalivyokuwa. Injini ikipona, Mughwai amepona. Isipopona, wanaye.

"Umeusikia ukingo?" Laurian alimuuliza.

Laurian ndiye fundi, mwenye gereji. Mtu wa Kiomboi, Mnyiramba.

"Nimeusikia," Mughwai akasema, kidole bado kiko juu ya silinda. "Uko kama mdomo wa chungu."

"Ndiyo kuchakaa huko. Pistoni imepanda na kushuka humo miaka yote, imekula chuma. Toa mkono, Mnyaturu, usije ukaniibia bloku."

Mughwai akacheka, akatoa mkono. Hao wawili ni watani. Kama hujui utani wa Wanyaturu na Wanyiramba, pole yako, hutaelewa kwa nini mtu mzima mwenye akili aliingia shimoni anacheka. Mtani wako anaweza kuja msibani kwako akalala juu ya kitanda cha marehemu akadai apikiwe kuku, na wewe humfanyi kitu. Anaweza kukuita mwizi mbele ya mkweo. Utamjibu kwa matusi makubwa zaidi, na wote mtacheka. Ila neno la utani linaishia hapohapo liliposemwa. Halipelekwi kwa wazee, sembuse ofisini.

Tena hawa hawakuwa watani wa kabila tu. Walikuwa vijana pamoja mgodini Sekenke kabla haujafungwa, mmoja usukani, mwingine gerejini. Walikula sufuria moja. Mughwai alimpenda Laurian kuliko ndugu zake wa tumbo moja, na alikuwa akilisema hilo bila aibu.

"Sasa nisikilize vizuri, mtani," Laurian akasema, akajifuta mikono. "Bloku hii mapadri walishaichonga zamani. Tundu zake sasa ni za saizi ya arobaini; nambari ikipanda, pistoni ni nene zaidi. Pistoni za kupata ni za namna mbili. Kwa Mselemu ziko mpya, ni sitini. Tunapeleka bloku Dodoma, inachongwa kidogo, sitini zinaingia, unaendesha mpaka uchoke mwenyewe. Namna ya pili iko Sekenke, ndani ya lile Bedford bovu la mgodi. Lile nimelifungua hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, juzijuzi, nikaziona. Ni ishirini."

"Ishirini ndani ya arobaini?"

"Mguu wa mtoto ndani ya buti la baba yake. Injini itawaka, sikatai. Lakini itagonga, itakunywa oili, na siku moja itapasuka umejaza mapipa."

"Haziwezi kupanuliwa?"

"Pistoni haipanuliwi. Cha kupanua ni hicho kichwa chako."

Utauliza, kwa nini Mughwai hakwenda Sekenke akaangalie mwenyewe? Nambari ya pistoni si siri, imegongwa kichwani pake, ukikwangua masizi unaisoma. Ndugu yangu, dereva wa enzi zile hakuwa na kawaida hiyo. Mgodini walifundishwa hivi: dereva anasikia, fundi anaona. Dereva anaeleza injini inalia wapi na inalia vipi, kisha anakwenda kando anavuta sigara. Ukimchungulia fundi begani, umemtukana yeye na aliyemfundisha. Mughwai alikuwa na sikio la injini ambalo hujapata kuona. Macho aliyaacha kwa Laurian.

"Mkutano ukikaa," Laurian akaendelea, "wewe ndiye uanze kusema. Waambie za Sekenke hazifai, wanunue za Mselemu. Mimi pale ni mgeni. Nikianza mimi watasema natafuta ulaji. Wewe ukishamaliza, mimi nasimama nakuunga mkono. Neno la fundi litafunga mjadala."

Wakapeana mikono. Wakaondoka pamoja mpaka dukani kwa Mselemu kumwomba asiziuze zile sitini kwa mtu mwingine. Mselemu ni mwenyeji wa mjini, babu yake alikuja na misafara, mtu mkarimu, asiyeweza kuona mteja amesimama asimtolee kiti. Akaagiza chai na sambusa. Mughwai alikunywa kikombe kwa haya. Laurian alikula sambusa mpaka sahani ikabaki na makombo, akaomba na pilipili.

Kumbukeni hilo la sambusa. Mimi silisahau.

Nyumbani, Mughwai alimweleza mkewe, Theodora, mpango wote. Theodora alikuwa anapepeta mtama. Hakuacha kupepeta.

"Fundi ni nani, wewe au yeye?"

"Yeye."

"Sasa kwa nini habari ya pistoni uanze kusema wewe?"

"Mama Martha, yeye ni mgeni kule. Halafu ni mtani wangu."

"Nimesikia," Theodora akasema. "Mimi nimekuuliza tu."

Siku ya mkutano ilifika. Nawaambieni, hakuna mahali pengine duniani ambapo watu wazima wamewahi kukusanyika kupigia kura pistoni. Lakini Juhudi kila kitu kiliamuliwa kwa kunyoosha mkono. Mahali pa shamba waliamua hivyo, zamu ya kuchota maji waliamua hivyo, mpaka jina la dume la ng'ombe wa kijiji. Pistoni zingeachwaje?

"Ndugu wanakijiji," mzee Antipasi akasema, "jambo ni moja. Lori letu linataka pistoni. Dereva atatueleza."

Mughwai akasimama. Alieleza vizuri, kusema kweli. Alieleza habari ya silinda na ukingo, na mguu wa mtoto ndani ya buti. Bibi mmoja aliuliza kama mguu wa mtoto haukui ukipewa muda. Watu wakacheka, yeye akamjibu kwa heshima kwamba chuma hakikui, bibi.

"Kwa hiyo wewe unataka zipi?" Antipasi akauliza.

"Mpya, mzee. Sitini."

"Ziko wapi?"

"Mjini. Dukani kwa Mselemu."

Mnong'ono ukapita. Wiki ileile mtu wa Chama alikuwa amekuja akawafundisha habari ya wafanyabiashara, jinsi wanavyomnyonya mkulima. Na hapo dereva wao anasimama kuwaambia kitu cha kijiji kikanunuliwe kwa mfanyabiashara, wakati Sekenke kuna vyuma vya bure vilivyoachwa na mgodi.

"Kujitegemea ni kuokota chako kwanza," Antipasi akasema. "Lakini tumsikie fundi."

Mughwai akakaa, roho imetulia. Alijua kinachofuata. Laurian akasimama, kofia kichwani, akatabasamu kwa watu wote.

"Mmemsikia Mnyaturu huyu?" akaanza. "Anaogopa kwenda Sekenke. Mgodini tulimtuma kuchota dizeli akakutana na fisi, akarudi amelowa, na si kwa dizeli."

Mkutano ukaangua kicheko. Mughwai naye akacheka, akasimama kumjibu, maana mtani asiyejibu ameshindwa.

"Na nyinyi Wanyiramba mkinifungia hizo pistoni zenu za kuokota," akasema, "nitaliendesha lori hili mpaka mteremko wa Sekenke nilisukumie bondeni, mkaokote vyuma mkafulie majembe."

Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Hata Antipasi alicheka, na yeye si mtu wa kucheka. Wakati huo, ndugu msomaji, ilikuwa raha tupu.

Kisha Laurian akavua kofia.

"Sasa tuache mchezo," akasema kwa sauti nyingine. "Pistoni za Sekenke nimeziona kwa macho yangu. Ni nzima, na zinaingia katika injini yenu bila kuchonga kitu. Ringi mpya ziko kwenye boksi la mapadri. Hakuna sababu ya kwenda dukani kwa mtu. Dereva ana sababu zake za kutaka kwenda. Mimi sizijui."

Mughwai bado alikuwa na kicheko usoni. Alidhani utani unaendelea. Alimtazama Laurian akingojea ageuze, aseme neno la kumalizia, wacheke tena. Laurian alikaa chini, akavaa kofia yake.

Kura ikapigwa. Mikono ya Sekenke ilipanda kila upande. Mikono ya Mselemu ilikuwa ya Mughwai, ya Theodora, na ya mzee mmoja ambaye alikuwa amelala na kuamshwa na kelele.

Alimfuata Laurian watu walipokuwa wanatawanyika.

"Laurian, gerejini uliniambia nini?"

"Nilikuambia nini?"

"Uliniambia ni ishirini. Uliniambia zitapasuka."

Laurian akacheka kwa nguvu, kichwa nyuma, ili kila mtu asikie. "Jamani njooni mumsikie mtani wangu. Ameshindwa kura sasa anaota mchana."

Na watu wakacheka. Ndiyo ubaya wa jambo lenyewe. Mtani akikulalamikia, watu hucheka, ndivyo walivyozoea. Mughwai alisimama pale anatetemeka kwa uchungu, na kadiri alivyotetemeka ndivyo walivyozidi kucheka, wakamsifu kwamba leo ameigiza vizuri.

Akaenda kwa Antipasi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Una nini?"

"Fundi amenigeuka. Mjini aliniambia pistoni zile ni ndogo. Mimi nimesema yale aliyonituma yeye."

"Mtani wako huyo," Antipasi akasema, naye akicheka kidogo. "Tukianza kusikiliza mashitaka ya watani tutamaliza lini?" Halafu kicheko kikamwisha. "Lakini hebu niambie. Ni kweli ulikunywa chai kwa Mselemu?"

Mughwai akageuka kumtafuta Laurian kwa macho.

"Nani amekuambia, mzee?"

"Ulikunywa au hukunywa?"

"Nilikunywa. Na Laurian alikuwepo. Yeye ndiye aliyekula sambusa."

"Mimi sikuulizi habari za sambusa," Antipasi akasema, akaondoka.

Laurian ndiye aliyetumwa Sekenke, na mwanamgambo mmoja, kwa lori la watu wa barabara. Mughwai alikatazwa kwenda. Pistoni zilirudi zimefungwa kwenye gunia, bloku ikaletwa kutoka gerejini, na kazi ikafanyiwa pembeni ya ofisi ya kijiji, kila mtu akiona isipokuwa Mughwai, aliyewekewa mpaka asiuvuke. Laurian aliusugua ule ukingo, akafunga beringi, akavisha ringi, akaanza kuingiza pistoni moja moja.

"Nionyeshe kichwa chake tu," Mughwai akamwambia kutoka mbali. "Sishiki. Niisome nambari."

"Mwenyekiti," Laurian akaita bila kugeuka, "dereva anataka kusogea."

"Asisogee," Antipasi akajibu kutoka dirishani.

Hedi ikashushwa, nati zikakazwa, na nambari zikafunikwa humo ndani. Mughwai alirudi kwake akamwambia Theodora kwamba hana wasiwasi. Chuma hakidanganyi. Siku injini itakapowashwa itagonga, na kila mtu mwenye masikio atajua nani mwongo. Alijipa moyo hivyo mpaka akaanza kuamini, akala ugali wake wote.

Lakini kabla injini haijawashwa, aliitwa mbele ya halmashauri ya kijiji. Alimkuta Laurian amekaa upande wa wazee.

"Ndugu Mughwai," Antipasi akasema, "fundi anasema ulitishia kuliua lori la kijiji."

"Mimi? Lini?"

Laurian akasimama. Hakumtazama. "Alisema mbele ya mkutano kwamba atalipeleka mteremko wa Sekenke alisukumie bondeni. Wote mlimsikia."

Wazee wale walitazamana, maana hata wao walijua kitu gani kimevunjwa pale. Mzee mmoja, Bonaventura, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, akasema polepole, "Tulicheka siku ile."

"Mlicheka," Laurian akasema, "lakini alisema."

"Yale yalikuwa ya utani," Mughwai akasema. "Laurian, yale yalikuwa ya utani. Wewe ndiye uliyeanza."

"Kwenye mali ya kijiji hakuna utani."

Mimi ninayewasimulia nimeona mengi. Nimeona mtu akimwibia ndugu yake mke, nimeona mtoto akiuza ng'ombe wa baba yake aliye mgonjwa. Lakini mtu kulibeba neno la mtani wake akaenda kulitua mezani kwa serikali, hilo sijawahi kulisikia kabla wala baada. Mughwai alilia pale. Simfichi. Alilia mbele ya wazee, na hakujifuta.

Kisha akafanya kosa. Ningekuwepo ningemziba mdomo kwa mkono wangu.

"Mzee Mwenyekiti," akasema, "nina ombi. Siku ya kuwasha, niwashe mimi. Kijiji chote kiwepo. Injini ikigonga, mjue fundi ni mwongo na mimi nilisema kweli."

"Na isipogonga?"

"Isipogonga, basi mimi ndiye mwongo, mnifanye mtakavyo."

Antipasi akamtazama Laurian. Laurian akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayekubali kupokea mzigo asioutaka.

"Imepita," Antipasi akasema.

Theodora alipoambiwa alikaa chini. Hakumgombeza. Alimuuliza swali moja tu, kama ana hakika. Mughwai akasema ana hakika na ishirini ndani ya arobaini kuliko anavyojua jina la baba yake.

Asubuhi ya kuwasha, Juhudi nzima ilitoka. Wanawake walikuja na madebe matupu, wameshayapanga foleni kabla lori halijatikisika, maana kiu haingoji nani mwongo nani mkweli. Wanamgambo walisimama pembeni. Theodora alisimama mbele ya wanawake wenzake, mikono ameikunja, kidevu juu.

Mughwai akapanda. Kiti kilikuwa kilekile, na usukani uleule aliouzungusha kwa miaka. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu ajue kushika gari, alimwomba Mungu injini igonge. Aliomba kwa Kinyaturu, kimoyomoyo. Dereva kuomba hivyo ni kama mama kumwombea mtoto homa, na alijua, na bado aliomba.

Akawasha. Injini ikazunguka, ikakohoa, ikazunguka tena. Ikashika.

Mughwai akatega sikio.

Akaongeza mafuta kidogo, akaachia. Akaongeza tena. Aliitafuta ile kelele chini, akaitafuta juu, akaitafuta silinda kwa silinda kama mtu anayepekua mifuko ya koti lake akitafuta ufunguo. Hapakuwa na kugonga. Akachungulia nyuma kwenye ekzosi. Palikuwa na moshi mweupe mdogo wa injini baridi, ukakatika, hewa ikawa safi. Injini ilikuwa inazunguka vizuri, vizuri kabisa, vizuri kuliko hata siku za mapadri.

Sikio lake halikuwahi kumdanganya. Lilimwambia ukweli hata siku hiyo. Pistoni zile hazikuwa ishirini, na hazikuwa zimewahi kuwa ishirini.

Wanawake walipiga vigelegele. Watu wakarusha kofia. Laurian alikuja akapanda kwenye ngazi ya mlango, akaingiza kichwa dirishani, mtu angedhani anakuja kumpongeza.

"Ni arobaini," Mughwai akamwambia.

"Arobaini, mtani. Mgodi ulizifunga muda mfupi kabla ya kusimamisha kazi. Hata hazijachafuka."

"Ulijua siku ile gerejini."

"Nilijua."

"Nimekukosea nini?"

Laurian alipozungumza hakuwa na furaha, nitampa haki yake hiyo.

"Hujanikosea. Mjini wanakusanya watu, Mughwai. Gereji yangu wameshaiita uzururaji. Wangenitupa porini na jembe, na mgongo wangu huu. Kijiji kinachonipokea lazima kiwe na kazi yangu. Huku kuna lori moja, na lori lina kiti kimoja."

"Ungeniambia. Ningegawana nawe."

"Kiti hakigawanyiki, mtani."

"Usiniite mtani," Mughwai akasema. "Kuanzia leo, mimi na wewe hatutaniani. Nikifa usije. Ukifa sitakuja."

Hilo, kwa asiyejua, ni zito kuliko tusi lolote. Laurian aliposikia alishuka ngazini akarudi nyuma, na uso ulimbadilika. Lakini hakusema aliyoyajua. Alikuwa na nafasi, kijiji chote kiko pale kinasikiliza, neno moja tu lingetosha, na hakulisema.

"Shuka," Antipasi akaita.

Mughwai akashuka. Injini aliiacha inanguruma, alisahau kuizima, au hakutaka. Laurian akapita ubavuni kwake akapanda, akakaa kwenye kile kiti, akavuta mlango. Wanamgambo wakasogea, mmoja huku, mmoja kule, hawakumshika bado. Watu waliokuwa wanapiga kelele wakanyamaza kidogo kidogo. Waliokuwa jirani naye kwa miaka walimtazama, kisha wakatazama madebe yao.

Theodora akatoka kwenye foleni. Alikuja mpaka mbele ya mumewe, karibu, akawapa mgongo watu wote. Huyu ndiye aliyenyoosha mkono pamoja naye siku ya kura. Ndiye aliyesimama kidevu juu asubuhi yote. Mughwai alimwona anakuja, akajua sasa walau mtu mmoja atamsikiliza.

Macho ya Theodora yalikuwa mekundu. Alizungumza chini sana, kwa Kinyaturu, lugha yao ya nyumbani.

"Baba Martha," akasema, "nimeisikia injini kwa masikio yangu. Niambie mimi tu, sitamwambia mtu. Mselemu alikupa nini?"

Mughwai akafungua mdomo amjibu. Nyuma yake Laurian akakanyaga mafuta, lori likaondoka na mapipa yake kwenda kuleta maji, na injini ikanguruma safi kabisa, ikafunika kila neno.